Mzee wa Nyuma ya Mashine

Ukiwa kwenye foleni ya Komunyo mwezi wa kumi na moja, halafu ukahisi mgongo unakuwasha bila sababu, usigeuke. Ni Mama Futi anakupima. Ameketi benchi la tatu upande wa akina mama, rozari mkononi, midomo inacheza, na wewe unadhani anakuombea. Kumbe anajisemea: mabega kumi na sita, kiuno thelathini na mbili, makalio hayo tuyaachie nafasi. Paroko alishamwonya mara mbili kwamba mbele ya Ekaristi mtu huinamisha macho. Mama Futi akajibu, "Nainamisha, Baba. Urefu wa suruali unapimwa chini." Paroko akajikuna shingo, akaenda zake.

Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake. Marehemu mumewe alimwachia vitu vitatu: nyumba ya vyumba viwili, cherehani ya miguu, na wifi. Nyumba ilivuja kidogo upande wa jikoni. Cherehani ilikuwa nzima kabisa. Wifi naye hakuwa na ugonjwa wowote, hasa mdomoni, na alikuwa akija kila asubuhi kunywa chai na kumwambia Mama Futi kwamba kaka yake angekuwa hai asingekubali pazia lile. Walipendana sana hao wawili, ila usingewasikia wakisema hivyo hata ungewatia kwenye gunia ukalifunga mdomo.

Sasa, kwa nini fundi apime watu kanisani? Hapo lazima nirudi nyuma kidogo. Zamani parokia ile iligawa nguo kuukuu kwa wahitaji wakati wa Noeli. Waumini walileta walichochoka kukivaa, kamati ikakigawa, watu wakashukuru. Mpaka mwaka mmoja mama muuza mboga, aliyekuwa amefilisika, akapewa gauni la maua ambalo yeye mwenyewe alilitoa Noeli iliyotangulia, wakati biashara yake bado imesimama. Alilivaa kwa kuwa hakuwa na lingine. Watu wakalitambua misani, mmoja akacheka, na mama yule hakuonekana tena kanisani mpaka Pasaka. Mama Futi alipandwa na hasira hadi akasimama kikaoni bila kupewa nafasi, akasema kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayepewa kuukuu. Kila mhitaji atapata kikapu cha chakula na nguo moja mpya, iliyoshonwa kwa kipimo chake. Na kwa kuwa ukienda na futi nyumbani kwa mtu majirani wote wanajua unachokifuata, yeye atapima kwa macho. Tangu hapo ikawa desturi, na mtu akipokea bahasha ya kaki yenye shati ndani linamkaa kama amezaliwa nalo, haulizi nani kamshonea.

Mwenyekiti wa Kamati ya Huruma alikuwa mwalimu mstaafu, jirani yake Mama Futi, ukuta kwa ukuta. Wote walimwita Mwalimu. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mbili, na hata baada ya kustaafu alitembea kana kwamba kengele imelia na darasa linamsubiri. Hakuna kikapu kilichotoka stoo bila saini yake. Alikuwa na kanuni saba, amezibandika mlangoni kwa mwandiko wake mwenyewe, na ya kwanza ilisema mjumbe wa kamati haonji, hachukui, hapokei. Kwa kweli katika miaka yote ile Mwalimu hakuwahi kubeba hata punje ya mchele kwenye kiatu chake. Mama Futi alimheshimu kwa hilo. Alimchukia pia kwa hilohilo, mwaka ule.

Maana ilianza na suruali. Baada ya Pasaka Mwalimu alileta suruali yake ya kijivu, ile ya Jumapili, ipunguzwe kiuno. Ilikuwa thelathini na sita, ikawa thelathini na nne. "Daktari kanishauri nipunguze sukari," alisema. Sawa. Mwezi wa nane akaileta tena, ikawa thelathini na mbili na nusu. "Natembea sana asubuhi. Mazoezi." Haya. Mwezi wa kumi na moja kuanza tu, huyo hapo mlangoni na suruali ileile imekunjwa vizuri chini ya kwapa. Mama Futi aliipima, akampima mwenyewe kwa jicho, akapata thelathini na moja. Mifuko ya nyuma ilikuwa imeanza kukutana.

"Mwalimu, na haya nayo ni mazoezi?"

"Umri, fundi. Mwili unajipunguza wenyewe."

Mama Futi aliwashonea watu maisha yake yote. Anajua mwili unaopunguzwa na umri, unaopunguzwa na ugonjwa, unaopunguzwa na majonzi, na unaopunguzwa na njaa. Njaa huanzia mashavuni na kumalizikia kiunoni, na haigusi tumbo peke yake kama mazoezi. Tena alijua sababu. Binti wa Mwalimu alikuwa amelazwa mji wa mbali tangu kabla ya Pasaka, na pensheni yote ya baba ilikuwa inapanda basi kumfuata.

Na kama suruali haikutosha kuwa ushahidi, kulikuwa na ukuta. Kila siku saa saba mchana, Mama Futi akiwa kwenye cherehani, alisikia upande wa pili mwiko ukigonga sufuria. Kwa-kwa-kwa, kwa-kwa-kwa, kama mtu anayepika chakula cha watu kumi. Mwanzoni alifurahi. Kisha siku moja akagundua kwamba hakuna harufu. Akatoka nje, akazunguka, akanusa kwenye dirisha la jikoni la Mwalimu kama mwizi. Hakuna moshi, hakuna kitunguu, hakuna chochote. Mzee alikuwa anakoroga sufuria tupu ili majirani wasikie anapika! Mama Futi alirudi ndani, akakaa kwenye kiti chake, akalia machozi ya kweli. Halafu akakasirika, kwa sababu yeye akishalia lazima akasirike.

Alijaribu njia iliyonyooka. Alipeleka sahani ya wali na maharage, imefunikwa kwa kitambaa. Sahani ilirudi baada ya nusu saa, imeoshwa ikang'aa, ndani yake ndizi mbili. "Nilikuwa nimekwisha kula, fundi, nikampa mama wa nyumba ya tatu, ana watoto. Na hizi ni za kwako." Mama Futi alizitazama zile ndizi na kujua kwamba ndizo zilikuwa chakula chake cha siku ile. Kwa hiyo mlo wake mmoja wa hisani ulikuwa umemwacha Mwalimu na njaa zaidi ya alivyomkuta. Hapo ndipo alipovuta pumzi na kuamua kwamba mtu kama huyu hasaidiwi kwa ukweli.

Kamati ilikuwa na fomu. Inaandikwa hali ya mhitaji, anapoishi, vipimo vyake, inawekwa saini za mashahidi wawili, kisha ya mwenyekiti. Mtu mwenye haya aliruhusiwa kuandikwa bila jina, kwa mahali anapoishi tu. Basi Mama Futi akaketi, akaandika: Mzee wa Nyuma ya Mashine. Mashine yenyewe ni ile ya kusaga unga, hatua chache kutoka kwa Mwalimu. Mjane. Mpole. Hapendi wageni. Hali: hana chakula. Kwenye vipimo hakutunga kitu. Mkono wake haukuweza kutunga vipimo, ni kama kumwambia padri abatize kwa soda. Akaandika mabega kumi na saba, bega la kulia limeshuka nusu inchi, kiuno thelathini na moja, mguu arobaini. Akaweka saini yake, akamsogezea wifi yake fomu pamoja na rundo la nyingine.

"Wifi, weka saini hapo."

Wifi, aliyekuwa katibu wa kamati, alikuwa katikati ya kusimulia harusi iliyoharibika. Aliweka saini fomu kumi na nne bila kunyamaza, na ya kumi na tano aliisaini hapo hapo bibi harusi alipozimia.

Mwalimu alisoma kila fomu kwa kalamu nyekundu. Kwenye ile ya Mzee alisita. "Huyu simjui. Na mashine ipo karibu yangu."

"Ni mtu wa haya, Mwalimu. Anaweza kukaa na watu asijulikane kabisa."

"Maskini," alisema Mwalimu, na akasaini.

Mpango ulikuwa mtamu sana, mwenyewe alikiri. Kila mjumbe hupeleka vikapu vya karibu na kwake, kwa hiyo kikapu cha Mzee kingepelekwa na Mwalimu. Mwalimu angekwenda, asimkute mtu. Na kanuni ya sita, ya Mwalimu mwenyewe, ilisema kikapu kikishatoka stoo hakirudi, kwa sababu ya panya. Mwenyewe asipopatikana, aliyekibeba ampe mhitaji aliye karibu naye zaidi. Na nani aliye karibu na Mwalimu kuliko Mwalimu mwenyewe? Mchele, unga, maharage, mafuta, sukari, sabuni, vyote vingekuwa jikoni kwake. Siku ya kwanza angejizuia. Siku ya pili angevitazama. Siku ya tatu tumbo lingemshinda, na dhambi ingemwangukia Mama Futi, ambaye alikuwa na mabega ya kuibeba. Alishona suruali mpya ya rangi ya kahawia, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaiweka juu ya kikapu akiimba.

Jamani, alimsahau mtu aliyekuwa anashughulika naye.

Mwalimu alichukua kikapu Jumatatu. Saa nane akarudi nacho, akagonga mlango wa Mama Futi. "Sikumkuta."

"Atakuwa ametoka."

"Sikuikuta hata nyumba."

"Ni ule upande wa ndani, Mwalimu. Unapita pale kwenye uchochoro."

Jumanne alipita uchochoroni. Alimuuliza msaga unga, aliyemwambia kwamba nyuma ya mashine yake kuna pumba na kuku tu. Alirudi kwa Mama Futi na daftari. "Ulimwona lini mara ya mwisho? Anavaa nini? Anatembeaje?" Huyu ni mtu aliyetumia miaka thelathini na mbili kuwauliza watoto nani kavunja dirisha. Mama Futi alihisi jasho chini ya kanga. Akasema Mzee hutoka alfajiri. Akasema hasikii vizuri, kwa hiyo kubisha hodi hakusaidii. Kufikia Jumatano, Mungu amsamehe, alikuwa amempa Mzee mguu mbovu, na fimbo, na ndugu anayemtembelea wakati mwingine.

Na kila siku saa saba, ukutani: kwa-kwa-kwa, kwa-kwa-kwa. Kavu! Kilo tano za mchele zimekaa mlangoni, na mzee mwenye akili zake anakoroga hewa! Mama Futi aliweka mdomo ukutani akanong'ona, "Kula, wewe baba! Kula, nakuomba!" Wifi aliingia akamkuta hivyo, akamuuliza kama sasa anasali kwa matofali.

Alhamisi Mwalimu alimgeukia wifi. "Katibu, wewe pia ni shahidi. Saini yako hii hapa. Huyu mzee ulimwona?"

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema kweli. Lakini wifi angesema kweli, angekiri kwamba alisaini bila kusoma, na kanuni ya nne ya Mwalimu ilikuwa kali juu ya hilo. Akatazama fomu, akamtazama wifi yake, akainua kidevu.

"Nimemwona! Juzi tu. Anachechemea, masikini."

Mama Futi nusura ameze pini. "Mguu gani?" aliuliza, akishindwa kujizuia.

"Wa kushoto," wifi akasema, macho makavu. "Ila siku za baridi anachechemea yote miwili."

Basi, moto ukashika. Mtu akishaonekana na katibu wa kamati, huyo yupo. Mama wa nyumba ya tatu akakumbuka kwamba alimsikia akikohoa. Muuza mkaa akasema alimuuzia mkaa, tena kwa mkopo. Jumapili ya nne ya Majilio, Mwalimu alisimama baada ya Komunyo, suruali ya kijivu imekazwa kwa mkanda uliotobolewa tundu jipya, akatangaza kwamba kuna mzee mhitaji nyuma ya mashine ambaye kikapu chake hakijamfikia, na yeyote anayejua alipo amhurumie, asikae kimya. Alikuwa na huzuni ya kweli juu ya mtu yule, maana alijua zaidi ya wote mle kanisani jinsi tumbo linavyouma wiki hiyo. Watu waliguswa. Jioni ile stoo ililetewa mablanketi matatu, viatu, mto, na redio ndogo, vyote vya Mzee. Mama Futi, mtunza funguo za stoo, ndiye aliyevipokea.

Kikao cha mwisho kilikuwa mchana wa tarehe ishirini na tatu, ukumbini, feni moja inazunguka na moja haizunguki. Vikapu vyote vilikuwa vimefika isipokuwa kimoja, ambacho Mwalimu alikuja nacho mwenyewe begani, akakiweka mezani taratibu. Alikuwa amechoka. Mdomo wake ulikuwa umekauka na alishika meza kwa mikono miwili alipokaa. Kisha Paroko akasafisha koo.

"Nimefikiri sana habari za mzee wetu," akasema. "Kama ni mgonjwa wa miguu, hajapokea Sakramenti muda mrefu. Kesho asubuhi nitampelekea Komunyo. Mama Futi, wewe ndiye uliyemwandikisha. Utanipeleka."

Hapo Mama Futi alifika ukingoni. Kumdanganya Mwalimu lilikuwa jambo moja, na kuwadanganya majirani nalo lilikuwa na raha yake. Lakini kumtembeza Bwana Yesu uchochoroni, kengele inalia mbele, kwenda kumtafuta mtu wa karatasi kati ya pumba na kuku? Hapana. Alisimama. Angesema kweli, angemvua Mwalimu nguo mbele ya watu wanane, na asingemwona tena kanisani wala popote. Alimtazama yule mzee anayeshikilia meza, akafunga kibwebwe moyoni.

"Baba, hayupo."

"Yuko wapi?"

"Hayupo kabisa. Nimemtunga. Nilikitaka kikapu mimi. Nilijua kitakosa mwenyewe, nikadhani mwishoni nitakipata."

Halafu macho yote yakahama polepole kwenda kwa katibu, aliyemwona Mzee kwa macho yake mawili, mguu wa kushoto.

"Mwangaza ulikuwa mbaya," wifi akasema.

Mtu mmoja akacheka, akakohoa kuficha. Mwenye kucheka alikuwa peke yake. Mweka hazina alisema, bila kumtazama Mama Futi, kwamba basi funguo za stoo zirudishwe, na kwamba jambo hili lazima litangazwe kwa waumini waliotoa mablanketi. Mama Futi alizifungua funguo kiunoni, akaziweka mezani. Kazi ile ya Noeli ndiyo aliyoipenda kuliko zote duniani, na aliona inaondoka naye yuko hapo, anaitazama. Lakini hakufungua mdomo.

Wifi ndiye aliyeufungua wake. Hakuweza kuvumilia kumwona mke wa kaka yake amesimama vile, hivyo akamtetea kwa njia pekee aliyoijua, yaani kwa ukali. "Hebu ngojeni! Mwizi gani huyu? Kama alitaka kikapu, mbona kashona suruali? Wifi, suruali ya kiume ya nini, utaivaa wewe?"

"Nyamaza, wifi," Mama Futi akasema haraka.

Lakini Mwalimu alikuwa amenyoosha mkono. Aliitoa suruali kwenye bahasha, akaitandika mezani, akaivuta ile fomu karibu. Aliisoma kuanzia juu, kwa kidole, kama alivyozoea kusoma mtihani wa mtoto anayemshuku. Mjane. Mpole. Hana chakula. Kidole kikafika kwenye vipimo. Mabega kumi na saba. Kikasimama. Bega la kulia limeshuka nusu inchi. Miaka thelathini na mbili ya kuandika ubaoni ndiyo iliyoshusha bega lile, na katika dunia nzima ni watu wawili tu waliolijua: yeye, na fundi aliyemshonea mashati yote. Kidole kikateremka mpaka kiunoni. Thelathini na moja.

Mama Futi aliona masikio ya Mwalimu yakibadilika rangi. Alitamani sakafu ipasuke immeze, yeye na cherehani yake. Alingoja Mwalimu aikunje fomu na kutoka, na kumchukia mpaka siku ya kufa.

Mwalimu aliikunja fomu. Akaitia mfuko wa shati.

"Mama Futi anadanganya," akasema. "Mzee yupo."

"Yupo?" Paroko akauliza.

"Yupo. Namjua. Nilimtafuta kila nyumba, Baba, isipokuwa moja ambayo sikutaka kuingia." Aliinuka kwa shida. "Mama huyu ni mkaidi, ana mdomo, na amekiuka kanuni nne za kamati. Lakini hakuiba. Katibu, andika kwamba kikapu namba kumi na tano kimefika kwa mwenyewe. Mablanketi yagawiwe kwa wengine, mzee analo blanketi. Redio pia. Funguo apewe mwenyewe."

"Na Komunyo?" akasema Paroko, aliyekuwa anatazama ule mkanda wenye tundu jipya, na ambaye hakuwa mjinga hata kidogo.

"Atakuja mwenyewe kupokea. Miguu yake ni mizima. Huyo anayechechemea ni wa katibu."

Wifi alifungua mdomo na, kwa mara ya kwanza tangu kaka yake aoe, akaufunga bila kutumia.

Mwalimu alijaribu kukiinua kikapu, kikamshinda. Wakati wa kuja alikuwa amekibeba begani, lakini wakati huo alikuwa hajajua ni cha nani. Mama Futi akashika upande mmoja bila kuulizwa, naye akashika wa pili, wakatoka hivyo mchana kweupe, wakapita mbele ya mashine na msaga unga na kuku wake. Mama Futi alitayarisha majibu saba, yote makali, kwa lolote atakaloambiwa.

Jikoni kwa Mwalimu palikuwa pasafi kupita kiasi, kama jiko linavyokuwa lisipopikiwa. Walikiweka kikapu chini. Mwalimu alisimama akiwa amemgeuzia mgongo, akitazama dirishani.

"Usinifanyie hivi tena," alisema. "Mwakani uniulize."

"Nikikuuliza utakubali?"

"Sitakubali."

"Basi."

"Uliwaambia watu wewe ni mwizi. Mbele ya Padri."

"Nitaungama. Orodha ni ndefu, nitampelekea na kiti."

Mabega ya Mwalimu yalitikisika, lile la kulia na la kushoto. Mama Futi hakujua kama anacheka au nini, na hakumsogelea, maana kuna mambo hata jicho la fundi linapaswa kuyapita. Alisubiri. Nje mtu alikuwa anaita mteja. Mwishowe Mwalimu aligeuka, akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyesimama miezi minane bila kupumzika, akaiweka mikono yake mezani.

"Fundi," akasema, "nina njaa."

Na Mama Futi, aliyekuwa na majibu saba tayari, hakupata hata moja la kutumia. Alikunja mikono ya gauni lake, akapiga magoti mbele ya kikapu, akaufungua mchele.

"Sufuria iko wapi?" akauliza. "Lete na kiberiti."